Deni Lisilo na Mdai: Tafakuri juu ya Zawadi ya Kufumwa Milimani Upare

Swali linalochunguzwa katika tafakuri hii ni la zamani, nalo limewashughulisha wanafalsafa, mafakihi na wahubiri kwa nyakati tofauti: je, zawadi humfunga anayeipokea, na kama humfunga, hubaki kuwa zawadi au hugeuka mkopo uliopewa jina zuri? Swali hilo laweza kuulizwa juu ya zawadi yoyote, kuanzia mkungu wa ndizi hadi kipande cha ardhi, lakini huwa na uzito wa pekee linapoulizwa juu ya vazi lililofumwa kwa mkono na mtu asiyefuma kwa biashara, ambaye hufuma kwa kuipenda kazi yenyewe, kisha akampa rafiki yake. Vazi la namna hiyo halina bei, halikutoka dukani, na saa zilizoingia ndani yake haziwezi kurudishwa na yeyote. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba deni la zawadi lipo kweli, wala si aibu kulikiri, lakini ni deni la aina ya peke yake, kwa kuwa lina mdeni na halina mdai.

Neno kufuma, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kuunganisha uzi mrefu kwa kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi, ama kwa sindano mbili ndefu, kama yafumwavyo masweta, ama kwa sindano moja yenye ndoano ambayo wengi huiita kroshia, kama vifumwavyo vitambaa vya kutandika juu ya makochi na meza. Kazi hii hutofautiana na kufuma nguo kwa mtambo, ambako nyuzi nyingi zilizonyooka hupishana na nyuzi nyingine nyingi, kwa sababu hapa uzi ni mmoja unaojishika wenyewe, na kila kitanzi kinasimama kwa kuwa kuna kingine kilichokitangulia na kingine kilichokipokea. Ndiyo maana kipande kilichofumwa, ncha yake isipofungwa, hufumuka chote hadi mwanzo kwa kuvutwa mara moja. Si ajabu kwamba Kiswahili kimelichukua tendo hili na kulifanya jina la mpangilio wa mambo mengi yanayotegemeana, kikaliita mfumo. Na sifa hii ya uzi mmoja, kufumwa na kufumuka bila kukatika, itakumbukwa tena mwishoni mwa hoja.

Milima ya Upare, iliyo sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu kwa sababu ya baridi yake na kwa sababu ya dini zake. Mji wa Same umekaa chini, upande usiopata mvua nyingi, palipo na vumbi na jua kali, ilhali anayepanda kuelekea Mbaga, Suji au Chome, chini ya kilele cha Shengena kinachofikia takriban mita 2,460, hukutana na ukungu, migomba, na asubuhi za kipupwe ambazo mtoto mchanga hawezi kuachwa bila kofia na soksi. Katika wilaya moja, basi, sweta ni mzigo kwa mtu mmoja na ni hitaji kwa mwingine. Anayefuma akiwa ameketi barazani Same, kijasho kikimtoka, kwa ajili ya mtoto wa rafiki yake atakayelala Chome, hufuma dhidi ya baridi asiyoihisi yeye mwenyewe kwa saa hiyo. Hulazimika kuikumbuka au kuiwazia, na kuwazia huko ni sehemu ya zawadi kabla hata ya kitanzi cha kwanza.

Uzi wenyewe nao una habari yake. Ule unaopatikana kwa urahisi madukani ni wa akriliki, yaani uzi wa viwandani unaotokana na mafuta ya petroli, ambao una rangi nyingi, hufulika bila taabu na hauchomi ngozi ya mtoto. Sufu halisi, yaani manyoya ya kondoo yaliyosokotwa, ni adimu zaidi, na njia mojawapo ya kuipata ni kununua sweta la mtumba lililo zima, kulifumua, kuufua uzi na kuuanika ukiwa umetundikiwa kitu kizito ili unyooke, kisha kuukunja donge upya. Mtu anayefuma kwa mapenzi huwa na kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja: sweta la mtoto lililobakiza mkono mmoja, mtandio wa bibi anayelalamikia mabega, na kofia iliyoanzwa kwa sababu tu mabaki ya uzi wa bluu yalionekana kutosha. Kila kazi kati ya hizo ina jina la mtu ndani yake, hata kama mtu huyo hajui.

Ukubwa wa kinachotolewa unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Lichukuliwe sweta dogo la mtoto, ambalo kipande chake cha mgongo kina vitanzi 60 kwa mstari na mistari 80, yaani vitanzi 4,800; kipande cha mbele kiwe kiasi hichohicho; na kila mkono uwe na wastani wa vitanzi 40 kwa mistari 60, yaani 2,400. Jumla yake ni vitanzi 14,400, kabla ya kola na kabla ya kuunganisha vipande, na kwa mfumaji anayemaliza vitanzi 20 kwa dakika hiyo ni kazi ya saa 12 zisizo na mapumziko. Saa hizo hazipatikani pamoja. Huokotwa huku na huko, maharage yakiwa jikoni, foleni ikiwa ndefu zahanati, au basi likisubiri abiria. Kosa la kitanzi kimoja kilichoachwa mistari kumi nyuma huonekana kama tundu dogo, na mfumaji huwa na hiari ya kuliacha, kwa kuwa mtoto hatalijua, au kufumua mistari yote kumi ili alifikie. Wengi hufumua. Pesa inaweza kununua sweta lenye kufanana na hilo, pengine lililonyooka zaidi, lakini hainunui uamuzi huo wa kurudi nyuma kwa ajili ya tundu ambalo mpokeaji asingeliona.

Ili swali la deni lijibiwe sawasawa, yafaa kwanza kutenganisha mambo ambayo Kiswahili kimeyapa majina tofauti. Sadaka ni kile kinachotolewa kwa ajili ya Mungu kumfikia mhitaji, na mtoaji hulenga thawabu. Hiba, neno la kisheria, ni kuhamisha mali kwa hiari bila malipo. Mchango ni sehemu ya mtu katika jambo la wengi. Na zawadi, au hidaya, ni kile anachopewa mtu kwa kuwa ni yeye. Mchango wa harusi huandikwa katika daftari, jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, na daftari hilo hufunguliwa tena mwaka ambao mchangiaji naye anaoza, ili aliyepokea ajue cha kurudisha. Upatu nao huenda kwa zamu, na aliyekwisha kupokea halafu akaacha kutoa anahesabiwa mwizi. Hakuna ubaya katika taratibu hizo, kwani zimesomesha watoto na kujenga nyumba, lakini ndani yake kila deni lina mdai anayejulikana na kiasi kinachojulikana. Upare inakumbuka vizuri uzito wa deni la namna hiyo linapokadiriwa kutoka juu: Januari 1945 maelfu ya wananchi walitembea hadi Same kupinga kodi ya mbiru, iliyopangwa kwa kukadiria uwezo wa kila mtu, na mgogoro huo ukaendelea kwa muda mrefu. Kukadiriwa na mtu mwingine na kudaiwa kwa makadirio yake ni jambo ambalo nafsi ya binadamu hulihisi mara moja, na hofu ya wale wanaoishuku zawadi ni kwamba nayo, chini ya upole wake, hufanya hivyohivyo.

Hofu hiyo ilipewa sura ya kitaaluma na Marcel Mauss, mwanazuoni wa Ufaransa, katika insha yake juu ya zawadi iliyotoka mwaka 1925, ambamo alilinganisha desturi za jamii nyingi, zikiwemo za visiwa vya Pasifiki, akahitimisha kwamba zawadi huonekana ya hiari lakini imezungukwa na mambo matatu ya lazima, yaani kutoa, kupokea na kurudisha. Kwa mujibu wake kitu kilichotolewa huendelea kubeba kitu cha nafsi ya mtoaji, na ndicho kinachovuta marejesho. Mwanafalsafa Jacques Derrida, aliyeandika juu ya suala hilo mwaka 1991, aliisukuma hoja mbali zaidi: zawadi ikishatambuliwa kuwa zawadi, na mpokeaji au na mtoaji, tayari mzunguko wa deni na malipo umeanza, hivyo zawadi safi haiwezekani kuonekana bila kuharibika. Fikra hizi mbili zikiletwa mbele ya sweta la mtoto, ya kwanza yaonekana kuwa kweli na ya pili yaonekana kudai kisichodaiwa. Ni kweli kwamba sweta hubeba nafsi ya mfumaji, kwani ndani yake mna saa zake, mkazo wa mkono wake, hata mistari iliyolegea ya jioni alipokuwa amechoka. Lakini kudai kwamba zawadi iwe safi kiasi cha kutotambulika ni kuitaka iache kuwa jambo la watu wawili, na vazi lisilotambuliwa limetoka kwa nani na kwa ajili ya nani limepungukiwa na kile kilicholifanya zawadi.

Aristotle, katika kitabu cha tisa cha maadili yanayohusishwa na jina la mwanawe Nicomachus, aligusa jambo linalosaidia zaidi. Aliuliza kwa nini waliotenda wema huelekea kuwapenda waliotendewa kuliko wanavyopendwa nao, akajibu kwamba hali yao ni ya fundi na kazi yake: fundi huipenda kazi ya mikono yake kwa sababu ndani yake huona uhai wake mwenyewe umekuwa kitu. Jibu hilo lamweleza mfumaji kwa ukamilifu. Furaha aipatayo katika kufuma haipunguzi zawadi, kwa maana furaha si bei, na kitu kilichofanywa kwa kinyongo hakiwi zawadi bora kwa kuwa kilimchosha mtoaji zaidi. Hata hivyo jibu hilohilo laonyesha palipo hatari. Anayejiona mwenyewe katika sweta alilolitoa atataka kuliona limevaliwa; atamtazama mtoto Jumamosi au Jumapili kanisani, au siku ya Idi, na asipoliona ataumia kana kwamba yeye ndiye aliyeachwa nyumbani. Hapo ndipo mtoaji anapoanza kugeuka mdai, na ndipo dini zinapokuwa na la kusema.

Katika Upare dini hizo huishi mlango kwa mlango. Mwaka 1903 wamisionari Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani walianzisha Upare Kusini kituo cha kwanza cha kanisa hilo katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Walutheri wana Dayosisi ya Pare yenye makao yake makuu Same. Na Waislamu ni wengi, hasa Usangi na Ugweno. Miongoni mwa Waadventista kuna chama cha akina mama kiitwacho Dorkasi, ambacho chanzo chake ni kikundi kilichoundwa mwaka 1874 Battle Creek, Marekani, kwa ajili ya kushona na kukusanya nguo za wahitaji. Jina lake limetoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, panapoelezwa habari ya Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi, mwanamke aliyejaa matendo mema, ambaye alipofariki na Petro kuitwa kutoka Lida, wajane walimzunguka mtume huyo wakilia na kumwonyesha kanzu na mavazi ambayo marehemu aliwashonea alipokuwa pamoja nao.

Habari hii huleta mgongano unaostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa Injili ya Mathayo, sura ya 6, inafundisha kutoa kwa siri kiasi kwamba hata mkono wa kushoto usiwe na habari ya tendo la ule wa kulia. Kama siri ndiyo kanuni, mbona mavazi ya Dorkasi yanaonyeshwa hadharani, tena bila kukemewa? Tena kazi ya kufuma haiwezekani kabisa kuwa siri kwa maana nyepesi ya neno hilo, kwani mkono wa kushoto na wa kulia hushika sindano pamoja. Ufumbuzi umo ndani ya simulizi lenyewe, katika kuangalia ni nani anayesema. Dorkasi hasemi neno; amelala amenyamaza. Wanaoonyesha ni wajane, yaani waliopokea. Siri inayoamriwa kwa Mathayo ni kanuni ya kinywa cha mtoaji, na ushuhuda unaotolewa Yafa ni haki ya kinywa cha mpokeaji, na mambo hayo mawili hayapingani kwa sababu hayakuwekwa juu ya mtu mmoja.

Mafundisho ya Uislamu yamegawanya vinywa kwa namna hiyohiyo, tena kwa uwazi mkubwa zaidi. Qurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, na masimbulizi ni kule kumkumbusha mtu wema aliotendewa ili ajione mdogo. Hapo mtoaji amenyimwa maneno. Kwa upande wa pili, hadithi iliyopokewa na Abu Daudi na Tirmidhi inafungamanisha kumshukuru Mungu na kuwashukuru watu, kwa maana kwamba asiyefanya la pili hajafanya la kwanza. Hapo mpokeaji ameamriwa kusema. Mapokezi pia yanaeleza kwamba Mtume alikuwa akipokea hidaya na kuilipa kwa nyingine, ilhali sadaka hakuila, jambo linaloonyesha kuwa kurudisha zawadi hakukuonwa kuwa kuifuta, bali kuwa kuendeleza kilichoanzwa. Kiswahili chenyewe kimeliweka fundisho hili katika methali ya tenda wema nenda zako, ambayo mara nyingi hueleweka kama shauri la kutotarajia shukrani, lakini ambayo kwa hakika inamwelekeza mtu mmoja tu: inamwambia mtoaji aondoke, haimwambii mpokeaji asahau.

Kutokana na hayo, maana ya deni lisilo na mdai inaweza sasa kutajwa kwa ukamilifu. Deni la kawaida lina pande mbili zinazozungumza juu ya kitu kimoja, mmoja akidai na mwingine akikiri, na likikosa mdai hufa. Deni la zawadi huishi kwa kinyume chake: likipata mdai ndipo linapokufa, kwa kuwa mtoaji akishafungua kinywa kusema saa alizotumia, sweta limepewa bei na mpokeaji amekuwa mnunuzi ambaye hakuulizwa, bali mtoaji akinyamaza na mpokeaji akakumbuka kwa hiari yake, deni hubaki, na kubaki kwake ndiko urafiki. Mauss, basi, aliona sawasawa kwamba zawadi hufunga, lakini kifungo hicho kinashikiliwa kutoka upande mmoja tu, upande wa aliyefungwa, naye ndiye mwenye ncha mkononi.

Pingamizi moja lafaa kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kumnyamazisha mtoaji ni kumwonea, hasa mwanamke ambaye kazi za mikono yake zimezoeleka kuchukuliwa kana kwamba hazikumgharimu kitu, na kwamba ukimya wake ndio uliowafanya wengi wamwombe sweta la bure kana kwamba linaota. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake halipatikani kwa kulilegeza fundisho, bali kwa kulikaza upande wa pili. Kinachoombwa na kuagizwa ni kazi, na kazi ina ujira wake. Mfumaji anayetaja bei ya agizo hajavunja kanuni yoyote. Lakini pale alipochagua mwenyewe kutoa, ukimya wake unamwajibisha mpokeaji kuliko maneno yoyote, na jamii ambamo waliopokea hawasemi kitu haijaelewa fundisho la ukimya, imelifanya kisingizio. Wajane wa Yafa walilia kwa sauti.

Wajibu wa mpokeaji haumaanishi kurudisha sweta kwa sweta. Mtoto wa Chome hukua. Mikono ya sweta humfupia kabla rangi haijachakaa, na mama yake ana njia kadhaa, mojawapo ikiwa kulikunja na kulipeleka, siku ya kwenda kumwona mzazi mwingine, kwa mtoto aliyezaliwa juzi. Akiwa naye anajua kufuma, anaweza kufungua ncha ya kola, kulivuta, na kuukunja uzi uleule donge kwa ajili ya vazi kubwa zaidi. Mfumaji wa kwanza akiiona rangi yake mgongoni mwa mtoto asiyemjua, katika umbo ambalo hakulibuni, huwa amefikia mtihani wa mwisho wa zawadi yake, kwa sababu hapo hana tena kitu cha kukitazama kuwa ni kazi yake, ila uzi.

Qurani, katika sura ya An-Nahl, aya ya 92, inawakataza watu wasifanane na mwanamke aliyekuwa akiufumua uzi wake vipandevipande baada ya kuusokota ukawa imara, na mfano huo umetolewa kwa wanaovunja ahadi zao. Tofauti ya mwanamke huyo na mama wa Chome haimo katika kufumua, maana wote wawili wamefumua, bali katika hali ya uzi baada ya kufumuliwa: wa kwanza ameuacha mapande yasiyofaa kitu, wa pili ameukunja mzima. Mtoaji anayesimbulia hufanana na yule wa kwanza, kwani hukirudia kile alichokikaza kwa saa nyingi za upendo na kukikata. Anayenyamaza huuacha uzi upite, na aliyepokea huupitisha, na hakuna siku ambayo deni hilo litasomwa limelipwa, kwa kuwa kila anayelilipa huliweka juu ya mabega ya mtoto mwingine, likiwa na joto.